Pingili Tatu Alizojaza Peke Yake

Habari ya kifo chake niliipata Jumamosi asubuhi, hapa kwangu Changamwe, kikombe cha chai kingali mkononi. Aliyenipigia simu ni binti wa nduguye. "Shikamoo baba," akasema, kisha akaanza kulia, nami nikajua. Yule fundi wa Mjambere, kule Kisauni, aliyejenga kumbi za kujaza hewa hayupo tena. Wasomaji wangu wa zamani watamkumbuka, na aibu ni yangu, maana ndiye niliyemcheka humu humu gazetini.

Ujana wake wote alishona maturubai ya malori. Kisha wazo likamwingia na halikumtoka: ayakusanye yale chakavu yanayotupwa, ayagandishe kwa gundi yawe mifuko mikubwa, ayajaze hewa, watu wakae chini yake bila nguzo hata moja. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa bunju, samaki anayejivimbisha akiguswa. "Yule ana nguzo gani?" aliniuliza. "Na nani amewahi kumbonyeza?" Ukumbi wake wa kwanza ulikuwa mfuko mmoja tu, ukasimamishwa kwenye karamu ya ubatizo. Lo! Wapambaji wakaja na satini zao na pini zao, na kwetu karamu bila satini iliyobanwa kila mahali si karamu. Hata pilau haijapakuliwa, paa likaanza kushuka polepole, likawafunika wazee na masufuria yao. Nilicheka hadi machozi, nikaenda kuandika. Alinipigia simu siku ya pili. "Umeandika vyema, bwana, hata mimi nimecheka. Ila hukuuliza lilianguka kwa nini."

Yeye aliuliza. Alinichukua hadi Jomvu Kuu kutazama mikoko, jinsi inavyosimama kwenye tope laini kwa kutandaza mizizi tu, naye akaupa ukumbi wake miguu mipana ya kutiwa maji, usichimbe wala usipigilie. Tukirudi akanunua muwa, akanionyesha pingili zake. "Mdudu akiingia hii, ile ya pili haina habari." Basi ukumbi wa pili ukawa na pingili saba zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kila moja na mdomo wake na pampu yake ya kukanyaga. Nikamwambia aweke mota moja, amalize kazi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mota yala umeme. Na mota ikija, watu hawaji. Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana." Nilidhani ni ukaidi wa mafundi. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na uani kwake sikuwahi kukuta viatu vya mgeni. Hilo nililiona kila nilipokwenda, na sikulifikiria hata siku moja.

Wiki ile aliyofariki, wazee wa kanisa lao walikuwa wamepoteza mahali walipopanga pa kusalia. Wakaahidi kuja Jumamosi kuutazama ukumbi. Wakiupenda, kazi yake itaishi. Wakiukataa, aliniambia waziwazi, ataukata vipande awape watu waanikie mihogo. Akatuita watu saba tuje Ijumaa tukanyage pampu. "Inshallah nitafika," nikamjibu. Ijumaa ikafika nami nimekaa barazani sina kazi. Nikawaza msongamano wa magari hadi Kisauni, nikajiambia wale sita watatosha. Kumbe na wao kila mmoja alijiambia hivyo hivyo. Wallahi, hakwenda hata mmoja.

Binti alimkuta asubuhi uani. Pingili tatu zilikuwa zimesimama wima. Ya nne ilikuwa imeanza kuinuka, naye amekaa chini, ameiegemea. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Nashukuru kuambiwa, lakini sijasadiki kwamba mimi simo.

Kwenye matanga jamaa walitaka kukodi hema la vyuma. Binti akakataa: "La kwake lipo." Basi tukakanyaga pampu, sisi tulioitwa Ijumaa, tukajaza zile nne zilizosalia, hakuna aliyemtazama mwenziwe usoni. Wazee wa kanisa wakaketi ndani. Mmoja akapapasa ukuta, akasema, "Kumbe mna ubaridi humu. Tungeuchukua." Nikatoka nje nikalia.

Tulipokwisha kuzika tulizifungua zile nne, hewa yetu ikatoka kwa kelele, zikalala. Tulipofika kwa zile tatu binti aliuliza, "Na hizi?" Hakuna mkono uliokwenda kufungua midomo ya pingili hizo. Ndani yake mna hewa aliyoisukuma yeye, kwa mguu wake, akisikiliza kama mlango utabishwa. Nilipopita jana zilikuwa bado zimesimama uani, na chini yake hapana mtu. Msomaji wangu, kama yuko mtu aliyekuita nawe ukamwambia inshallah, liweke gazeti hili chini uende.