Nani Mwajiri wa Mkono Huu?

Mie niliyeishia darasa la sita nnajua mambo ya ajira Maskati kuliko mawakili watatu. Juzi nipo ofisi ya kazi, mbele yangu Mkenya mmoja, mkono umefungwa bendeji mpaka kiwikoni. Dawa ya kusafishia vyoo imemuunguza. Anafanya kazi hoteli moja mtaa wa Qurum, lakini viza yake ni ya kampuni ya mtaa wa Darsait inayokodisha watu. Bila ya sahihi ya mwajiri kwenye fomu ya ajali, hapewi mapumziko.

Karani, bibi wa Kizanzibari, akapiga simu Darsait.

"Kaumia hotelini, watie sahihi wao."

Akapiga hotelini.

"Huyo si mtu wetu."

Bibi akashusha pumzi. Akawapigia wote kwa simu mbili za mezani, akavibandika vipokeo, mdomo wa hiki kwenye sikio la kile. "Haya, semezaneni wenyewe."

Wakagombana weee, mwisho wakapatana: kosa la Mkenya, hakuvaa glavu.

"Na glavu nani alikuwa ampe?" bibi akauliza.

Simu zote mbili zikakatika.

"Sasa mama, kesho niende kazi ama nisiende?" Mkenya akauliza.

Mie nisiyekosa jibu hata matangani, nikajidai nasoma tangazo la ukutani.