Paka Wangu na Ng'ombe wa Jirani

Mume wangu alikuwa na usemi wake: kwamba Mungu aliumba wasiwasi kwanza, kisha akautafutia mwili, ndipo nikazaliwa mimi. Aliusema mbele ya wateja dukani, nami nilimwacha aseme, maana hakusema uongo. Nilikuwa na paka mmoja wa kijivu, na sikumbuki asubuhi hata moja ya miaka ile ambayo niliamka nisimguse pua kabla ya kutia udhu. Pua ikiwa na unyevu, siku yangu ilikwenda. Ikiwa kavu, hata uji ulinishinda.

Tulikaa Ihembe, Karagwe, tukiuza nguo, shanga, chumvi na samaki wakavu waliotoka ziwani. Wadachi, Wajerumani wale, walikuwa ndio kwanza wanaanza kupitapita. Tulikuwa tumetoka Tabora na msafara, na paka yule alisafiri ndani ya tenga juu ya kichwa cha mpagazi, akilia njia nzima. Mama yangu ndiye aliyemtia humo kwa mikono yake, akafunga kifuniko kwa ukili, akaniambia, "Huko unakokwenda hutakuwa na mtu wa kusema naye mwanzoni. Sema na huyu." Mama alifariki mvua za mwaka uleule, na habari ilinifikia kwa msafara uliofuata. Sikuwa na kitu kingine alichokishika yeye. Kanga zilichakaa, tenga likaliwa na mchwa, paka akabaki.

Jina sikumpa. Kwetu paka ni paka, na ukimpa jina watu watakuuliza kama amesilimu.

Wasiwasi wangu basi ulikuwa na mahali pa kukaa, nao ulikaa vizuri. Akipiga chafya nilimfunika kitambaa. Funza walipoingia nchini, wageni kama sisi, watu wakawa wanachechemea kila njia, mimi nilimshika paka kila adhuhuri nikamkagua vidole kimoja kimoja nikiwa na sindano mkononi. Mume wangu akasema na yeye ana vidole, kumi, na hakuna aliyewahi kuviuliza hali. Siku nyingine paka alianza kukohoa akijikunja, akitoa macho, nikapiga kelele kwamba anakata roho. Nilimlazimisha mume wangu amsomee. Akasoma Kulhuwallahu, kwa ajili ya kuninyamazisha tu, na kabla hajamaliza paka akatema donge la manyoya, akajilamba, akaenda zake. Habari ile ilizunguka soko zima. Nilitaniwa mpaka nikaogopa kwenda kisimani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa jirani yetu, mama wa makamo, mke wa mfugaji, ambaye zizi lao lilikuwa nyuma ya migomba yetu. Lilikuwa zizi kubwa, uzio wake ungeweza kuzunguka nyumba zetu zote, na ndani yake alisimama ng'ombe mmoja na ndama wake. Sotoka ilikuwa imepita kabla hatujafika. Iliwamaliza ng'ombe wa nchi nzima, na kwao ilimwacha huyo mmoja, sijui kwa nini, wala wao hawakujua.

Mimi sikuwa nimeelewa hayo nilipofika. Nilikuwa nimefundishwa salamu za wenyeji, na katika salamu zao, ukishamuuliza mtu alivyoamka, unamuuliza ng'ombe wameamkaje. Nikamwamkia mama yule kwa adabu zangu zote, nikauliza: "Na ng'ombe wameamkaje?" Akaligeukia lile zizi lao. Kisha akasema taratibu, "Usiniulize hivyo tena." Baadaye nikaambiwa kwamba tangu sotoka hakuna aliyekuwa akiuliza salamu ile, kwa huruma. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ndivyo nilivyoanza kumtazama, na nikaona kwamba kila asubuhi, jua likichomoza, alikwenda zizini akamgusa ng'ombe wake pua. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi ikaja siku ambayo paka aliugua kweli. Sijui alikuwa na nini mpaka leo. Alianza kwa kuacha chakula, halafu akaacha kujilamba, na hapo nikajua si mchezo, maana paka akiacha kujilamba amejikatia tamaa. Alijibanza nyuma ya gunia la chumvi. Nilimtoa, akarudi. Manyoya yake yalisimama, mgongo ukawa kama ukingo wa ubao. Nilimpikia mchuzi wa kuku, akageuza uso. Nilimpa samaki, yeye aliyekuwa akiiba samaki mbele ya macho yetu, akafumba macho. Pua ilikuwa kavu, na moto.

Mume wangu akasema, "Ni donge la manyoya." Nikamwambia atazame vizuri. Akainama, akatazama, na aliponyanyuka hakutania tena. Hapo ndipo hofu iliponishika sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuogopa peke yangu.

Mama jirani alikuja kununua chumvi akanikuta nimekaa chini na paka mapajani. Alichuchumaa, akamfungua jicho kwa kidole gumba, akamgusa masikio. "Nilikuwa na ng'ombe aliyenitazama hivi," akasema. "Sikuwa na kitu cha kumpa." Akainuka akaondoka, na chumvi akaisahau.

Alirudi na chombo cha mti cha maziwa, kile wanachokiita ekyanzi, kimefukizwa moshi wa nyasi mpaka harufu yake unaijua ukiwa mlangoni. Ndani mlikuwa na maziwa kidogo. Nilishtuka. Watu wale hawauzi maziwa, na kwa mgeni hawayatoi, seuze maziwa ya ng'ombe wa pekee, tena kwa paka.

"Sikiliza, mwanangu," akaniambia. "Maziwa haya hayapikwi motoni. Ukiyapika, umemuunguza ng'ombe kiwele. Na anayeyanywa, siku hiyo asile kuku, asile maharage, asile samaki. Vikikutana tumboni, ng'ombe ndiye anayeumwa. Unaweza?"

"Naweza, mama."

"Usiniambie unaweza kwa sababu unayataka."

Nikamwapia kwa jina la Mungu. Kisha ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemwapia kwa niaba ya paka.

Alikunywa. Kwanza kwenye kidole changu, tone kwa tone, kisha akainua kichwa mwenyewe. Asubuhi iliyofuata mama alileta tena, na iliyofuata tena. Nami nikawa mlinzi. Nilifunga kuku wetu wasikaribie mlango, kana kwamba paka mgonjwa angewala wazima. Nilisimamisha kupika maharage nyumba nzima, mume wangu akala ndizi kavu akiguna. Mzigo wa samaki nilimwomba auhamishie chumba cha mbele, dukani, na mlango wa katikati nikaufunga kwa kamba. Nilikuwa naamka, nagusa pua, nanusa mdomo wa paka. Naam, nilimnusa mdomo.

Siku moja nilikwenda kisimani baada ya adhuhuri. Niliporudi kamba ilikuwa imelegea, na mlango umeachia nafasi ya ngumi. Mtungi niliutua nikakimbilia dukani. Paka alikuwa amesimama juu ya mzigo, miguu imara, kichwa cha samaki mdomoni, na aliponiona akaninguruma.

Kungurumiwa kule! Sijapata kusikia sauti iliyonifurahisha namna ile. Nilikaa sakafuni nikacheka, nikasema alhamdulillahi, nikamwita mume wangu aje aone jinsi anavyotafuna mifupa. Amepona, nikasema, mtazame, amepona. Kisha nikakumbuka kiapo. Maziwa ya asubuhi yalikuwa tumboni mwake.

Mume wangu alielewa alipouona uso wangu. "Nani atajua?" akasema. "Paka hasemi."

"Na ng'ombe akiugua?"

"Ng'ombe huugua. Wamekufa maelfu na hakukuwa na paka."

Ilikuwa kweli. Mimi mwenyewe sikuamini kwamba samaki ndani ya paka anaweza kupita migomba akamwingia ng'ombe kiweleni. Lakini mama yule aliamini, naye ndiye aliyetoa. Nilifikiri: ng'ombe yule akipatwa na lolote, awe ameumwa na nini, mama atakaa zizini akijiuliza amekosea wapi, na mimi nitakuwa upande huu wa uzio nimenyamaza. Nikafunga kanga nikaenda.

Niliwakuta wakiwa karibu kukama. Ndama alikuwa ameshaletwa, na mumewe amekwisha kuchuchumaa. Nikasema palepale, bila salamu: "Mama, amekula samaki."

Mumewe aliinuka, akanitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyeingia zizini. Mama akaweka kiganja mgongoni mwa ng'ombe na kukiacha hapo.

"Wengi?"

"Kichwa. Nilikuwa kisimani. Kamba ililegea."

"Na umekuja kuniambia."

"Nimekuja."

"Basi nenda nyumbani," akasema. Jioni ile hawakukama. Ndama aliachiwa maziwa yote, na chombo nilichokuwa nikiletewa nilikiona asubuhi kimepinduliwa juu ya mti wa uzio, peke yake, mbali na vingine.

Na ng'ombe akainamisha kichwa. Kama alikuwa anaumwa au anapumzika tu, nani angeniambia? Nilimwona kutoka kwenye migomba: amesimama, hali majani, mkia haupigi nzi. Nilirudi ndani nikaswali nikamwombea ng'ombe wa watu. Kesho yake nikaenda tena, na kesho yake. Nilisimama nje ya uzio, sikuthubutu kuingia, wala kuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimekatazwa kuuliza. Mama alinipita akiwa na majani kifuani, asinitazame. Aliyashika mdomoni mwa ng'ombe kama nilivyomshikia paka kidole. Ng'ombe aliyanusa, akayaacha.

"Juzi paka, leo ng'ombe," mume wangu akasema, lakini kwa upole. "Kesho utaugulia kunguru." Paka mwenyewe alikuwa akinenepa. Alipanda mapajani mwangu nami nikamshusha. Nadhani ndizo siku pekee ambazo sikumgusa pua.

Asubuhi moja nilikuta zizi liko wazi, halina kitu. Nikashika uzio kwa mikono miwili, nikatazama ardhi ndani nikitafuta mahali palipochimbwa. Kisha nikasikia sauti, upande wa bondeni, ya majani yakikatwa na meno: kwaru, kwaru, bila haraka. Ng'ombe alikuwa kwenye nyasi ndefu, ndama ubavuni, mkia ukienda huku na huku. Mama alisimama karibu naye. Aliniona. Akapanda mteremko polepole, akaingia zizini mpaka tukawa tumetenganishwa na uzio tu. Alikuwa amekonda siku zile, na kope zake zilikuwa nyekundu, nami najua zangu zilikuwa hivyohivyo.

Nikamwamkia. Akaitikia. Nikanyamaza.

"Mbona huulizi?" akasema.

"Ulinikataza, mama."

"Uliza."

"Ng'ombe ameamkaje?"

Aligeuka akamtazama, midomo ikicheza, na nilifikiri hataweza. Kisha akasema lile jibu ambalo miaka yote hakuwa amelisema: "Ameamka mzima." Akajifuta uso kwa ukingo wa nguo yake, wala hakujificha.

Maziwa hakuniletea tena kamwe, nami sikuomba. Lakini pale uzioni aliitazama kanga yangu, iliyokuwa imejaa manyoya ya kijivu, akaniuliza, kwa adabu ileile ya salamu, "Na wako ameamkaje?"

"Anakula samaki," nikamwambia.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka.