Damu Nzito

Dama wa Ukunda hakupenda kuona kitanda chenye mtu baada ya saa nne asubuhi. Kazi yake ni kutandika vitanda katika hoteli moja ya Diani, na kitanda chenye mtu humchelewesha. Mdomo anao pia. Msimamizi alipowaambia wahudumu watabasamu hata wakiwa peke yao vyumbani, Dama alimjibu kwamba shuka hazihitaji meno, zinahitaji mikono. Akahamishiwa chumba cha dobi, kisha akarudishwa kimya kimya, wageni walipoanza kulalamika. Ukikutana naye kwenye njia nyembamba, mpishe tu.

Kwa hiyo mwanawe Tsuma alipoingiwa na usaha kwenye mfupa wa paja, akapasuliwa na kulazwa katika wodi ya watoto huko Msambweni, wengi walidhani sasa Dama atalainika. Alilainika kweli, siku ya kwanza. Alilia chooni, akanawa uso, akatoka.

Sista Veronicah, muuguzi kutoka bara, alimkagua Tsuma na kumwuliza Dama maswali mengi. Kuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kuganda damu? Mtoto anakunywa maji? Anajigeuza mwenyewe? Kisha akamvuta mama kando.

"Mama Tsuma, nikwambie ukweli. Watoto humu ni wengi, lakini huyu ndiye ninayemhofia zaidi kwa jambo moja. Mwili wake unapigana na ugonjwa, ana mrija kwenye mshipa wa kinena, na ni kijana mkubwa anayelala tu. Damu isiyotembea huganda. Donge likifanyika mguuni linaweza kukatika, lipande mpaka mapafuni."

"Likifika huko?"

"Anaweza kutuacha. Daktari ameandika sindano ya kuzuia damu isigande, na hiyo ni kazi yetu. Yako ni maji na huo mguu. Akiwa macho, aukunje na kuukunjua kwenye kifundo, mara kwa mara. Daktari akiruhusu, tunamwinua. Atalia. Utaweza?"

"Kulia kwa mtoto nakujua," Dama akasema. "Kunyamaza ndiko sikutaki."

Angekuwa na mtoto peke yake, mambo yangekuwa mepesi. Lakini alikuja Kadzo, dada mkubwa wa mumewe, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Taru. Alikuja na maziwa, kanga ya kumfunika mgonjwa, na amri. Tena alimpenda Tsuma kikweli, na hapo ndipo palipokuwa na taabu, maana mtu mbaya ni rahisi kumfukuza.

Alimkuta Dama ameushika mguu wa mtoto, anamhimiza juu, chini, juu, chini, naye Tsuma machozi yanamtoka.

"Wifi, mwache mtoto. Mgonjwa hupumzishwa."

"Amepumzika vya kutosha."

"Amelazwa. Neno lenyewe lakwambia. Angekuwa wa kuinuliwa, wangesema ameinuliwa."

"Basi neno limekosea, wifi."

Mama wa kitanda cha jirani akacheka. Kadzo hakucheka. Alimpigia simu kaka yake Sanga, baba wa mtoto, aliyekuwa kazini mbali, akamwambia wodi nzima ikisikia kwamba mkewe anamtesa mtoto. Kisha akampa Dama simu. Sanga akamsihi mkewe amsikilize dada, dada ni mkubwa.

"Njoo uushike huu mguu wewe," Dama akamjibu. "Kama huwezi kuja, niachie." Akamrudishia wifi yake simu.

"Mimi ni shangazi yake," Kadzo akasema. "Mimi ni damu yake. Na damu ni nzito kuliko maji."

"Hiyo nzito ndiyo tunayoiogopa hapa," Dama akasema, akamnywesha mwanawe maji.

Usidhani hakuumia. Siku mrija ulipokwisha kutolewa na daktari akaruhusu mtoto asimame, Tsuma aliishika kanga ya shangazi yake akasema, "Shangazi, nisaidie. Mama hanipendi." Dama akaishiwa nguvu, yeye aliyezoea kugeuza magodoro ya watu wawili. Angemlaza tena wakati ule, na wodi nzima ingemwita mama mwema. Akautazama mguu ule. Akaona kwamba asipokubali kuchukiwa leo, huenda kesho akakosa mtu wa kumchukia.

"Nichukie ukiwa umesimama," akamwambia. "Haya. Mkono begani."

Akasimama. Akafika dirishani kwa magongo, akinung'unika, na kesho yake akafika mlangoni, akinung'unika zaidi. Sindano ziliendelea, maji yaliendelea. Kila asubuhi sista Veronicah aliilinganisha miguu yote miwili, akaiminya, akauliza kama kifua kinabana. Mguu haukuvimba. Kifua hakikubana.

Siku ya kutoka, Kadzo alikuja kuwachukua. Alipomwona mtoto wa kaka yake akija kwa magongo, alifurahi hata akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha, kwenye benchi nje ya wodi, mbele za watu, akaitoa kauli aliyokuwa ameiweka moyoni siku zote hizo.

"Umeona, wifi? Ulimtesa mtoto bure. Mlinitisha damu itaganda, damu itaganda, na wala haikuganda."

Sista Veronicah alifungua mdomo kueleza. Dama akamgusa mkono, aache. Kitanda kikitandikwa sawasawa, mgeni huona kama hakuna aliyewahi kukilalia, na hamkumbuki aliyekitandika. Hilo Dama alikuwa amelizoea zamani.

"Haikuganda, wifi," akasema.

"Basi kubali."

"Nimekubali. Haikuganda."

Kadzo, ameshinda, akasogea na kupapasa nafasi kando yake kwenye benchi. "Njoo, mwanangu. Kaa hapa upumzike, gari laja."

Tsuma akamtazama mama yake, bado amekasirika kidogo, kisha akayashika magongo yake vizuri.

"Nimepumzika vya kutosha, shangazi," akasema, akatangulia kuelekea getini.