Mvuke wa Mwaitu

Ukiniita mgonjwa nakasirika. Mimi ni Nzisa, fundi wa nguo, Masii nzima inanijua. Ukiona mtoto wa shule na sare iliyomkaa sawa mabegani, huenda niliishona mimi. Lakini sitakudanganya: naogopa. Naogopa kitanda. Tangu daktari aniambie nina MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaigeukia mishipa ya fahamu na kuitafuna, kila asubuhi kabla sijafumbua macho nauuliza mguu wangu wa kulia kama bado upo.

Watu walisema nimerogwa. Asi! Wakamba tunasifiwa uchawi hadi pwani, lakini aliyeniroga mimi ni mwili wangu mwenyewe.

Aliyeniinua ni Kimanzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, Machakos mjini. Alinifundisha kusimama nimeshika meza, kuinua visigino na kuvishusha polepole, kisha kukanyaga cherehani bila uzi mpaka mguu ukumbuke kazi yake. "Fanya alfajiri, kabla jua halijawaka," alisema. Nikadhani anahofia ngozi yangu. Ngozi hii iliyolima miaka yote hiyo?

Nikaanza kutembea na fimbo hadi dukani. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu, yaani mama yetu, alifurahi mno akataka kuimaliza kazi. Kwake mafua, homa, maungo kuuma, dawa ni moja: kufukizwa. Akachemsha majani ya mwarobaini, akaniketisha kwenye kigoda, sufuria mbele ya magoti, blanketi zito juu ya kichwa.

"Vumilia, Mama Ndolo. Baridi itoke kwa mifupa."

Nikavumilia. Jasho likatiririka. Jicho la kushoto likaingia ukungu, nikasema ni mvuke. Nikafunua blanketi, ukungu uko pale pale, na sasa umeingia macho yote mawili. Nikajaribu kuinuka. Miguu haikuwepo. Nilianguka kama gunia la mbaazi, nusura nijimwagie yale maji.

"Mwaitu, sioni! Miguu imeenda!"

"Woi, nimekuua!" Akaanza kumwita Mungu kwa Kikamba, kwa sauti ya matanga.

Sauti hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nilijiona kitandani nikigeuzwa na watu, mwanangu Ndolo akininywesha uji. Nikamfokea mama wa mume wangu, Mungu anisamehe: "Wacha kunililia, sijakufa! Bonyeza simu pale kijani, mara mbili!" Mtu wa mwisho niliyempigia alikuwa Kimanzi.

Aliuliza tulikuwa tunafanya nini. Alipoambiwa, akajibu papo hapo.

"Ni joto, Mama Ndolo. Mishipa yako haitaki joto, ndiyo maana nilisema alfajiri. Nilipaswa kukueleza vizuri. Vua sweta, weka kitambaa cha maji baridi shingoni, upepewe. Kama ni joto tu, nguvu itarudi."

"Na kama si joto tu?"

"Isiporudi, uletwe hospitali leo hii."

Mwaitu akachukua ungo wake wa kupepetea mbaazi, akanipepea. Mkono mmoja ukachoka, akahamia wa pili. Niliukodolea macho ukuta, mahali ninapojua pana kalenda ya kanisa. Nikangoja. Rangi ya buluu ikaja kwanza. Baada ya muda nikamwona Bikira Maria mwenyewe. Miguu bado kimya. Nikaanza kulia, na sikujali nani ananiona.

Ndipo kidole gumba cha mguu kikacheza.

"Kimecheza!" mwaitu akapiga kelele.

Ungo ulikuwa bado mkononi mwake mguu mzima ulipojikunja. Akanishika kwapani, nikasimama, nikashika meza kama nilivyofundishwa. Nikainua visigino, nikavishusha.

Akavuta kigoda nyuma yangu. "Keti sasa, mwanangu, umechoka."

Nilikuwa nimechoka kweli, mapaja yakitetemeka. Akaniletea chai aliyoipoza, nikainywa nimesimama. Niliogopa kuketi.