Nilimtwika Dada Kitunga

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mbele hapachekeshi. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na akili zangu timamu.

Dada yangu Zaina aliolewa Wamaza. Siku ile nilitoka Kasongo kumpelekea dawa, kwa sababu mumewe alipiga simu kusema homa imempanda, siku ya tatu hali kitu. Pikipiki ilikwama kwenye daraja lililong'oka mbao, nikaendelea kwa miguu. Bonde lile ni zuri, sikufichi: vilima pande zote, mpunga umeiva hadi mtoni. Mimi sikutazama kitu. Nilihofia kuchelewa tu.

Kwenye njia panda ya mashamba nikamkuta Zaina amesimama, kitunga cha muhogo kiko chini miguuni pake. Niamini, furaha ile sijaipata tena.

"Yaya, umepona?" nikamuuliza dada yangu mkubwa.

"Iko sawa sasa," akasema. "Tangu asubuhi nangoja mutu wa kunitwika, hakuna anayepita. Unitwike, mudogo wangu."

Kwetu nani anamnyima mtu hilo? Hata mliyegombana naye, ukimkuta na mzigo chini, unamtwika. Tukakamata kitunga, yeye huku, mimi huku. Kilikuwa kizito mpaka kiuno kikaniuma. Kilipokaa kichwani akashusha pumzi ndefu, akakata kushoto kuelekea milimani. Nyumba yake iko kulia. Kwa nini sikumuuliza? Nilidhani anapitia kwa jirani, nikamwambia nitamngoja nyumbani.

Nilisikia kilio kabla sijafika uani. Mama mkwe wake akanishika mikono.

"Alikuwa anapumua kwa shida tangu asubuhi," akasema, "anaomba tu, munitwike, munitwike. Tulizani ni homa. Ni sasa hivi tu ameenda."

Kitunga chake kilikuwa kimeangikwa jikoni, kitupu. Dawa ilikuwa mfukoni mwangu.

Tangu siku ile simtwiki mtu. Wanawake wa mtaani wanasema nina majivuno, na mke wangu huinua mzigo wake peke yake huku nimesimama namtazama. Nawe ukimkuta mtu wako peke yake njiani, mzigo uko chini, usikimbilie kuinua. Muulize kwanza anaenda wapi. Zaina aliweza kungoja tangu asubuhi. Nisingemtwika, angengoja mpaka dawa ifike.