Milimita na Mstari wa Tano

Shemeji yangu tulimwita Milimita. Alikuwa mkereza vyuma, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, na akisema chuma kimezidi kwa unene wa unywele, hakuna aliyebisha. Zamani msimamizi alikupa kipande, ukakipapasa ukataja kipimo chake. Ukipatia, umepata kazi. Siku hizi fundi ni yule ambaye karatasi zake zinasema ni fundi.

Kibanzi cha chuma kilimrukia jicho la kulia akiwa na miaka hamsini na minane. Miwani ya kukinga ilikuwapo, ila imekwaruzika hata ukiivaa huoni unachokata. Karakana ikamwambia alete barua ya hospitali kwamba macho yote mawili yanaona, la sivyo mashine atapewa mwingine.

Hospitalini walikuwa wakifanya utafiti wa majeraha ya macho. Kibanzi kilitolewa, naye akatiwa katika kundi la dawa mpya ya matone. Kila wiki arudi kusoma ubao wa herufi. Anayeshindwa mistari miwili aliyoiweza mwanzo hupelekwa kupasuliwa siku hiyo hiyo. Anayesoma vizuri huendelea na matone.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, maana dada yangu, mkewe, miguu imechoka. Wiki ya tatu, kwenye benchi, nilimwona akichezesha midomo huku ameukodolea ubao kwa jicho lake zima kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Baba, hiyo dua au unatusengenya?" mama mmoja aliyeketi karibu nasi alimtania.

"Nakumbuka majina ya wakwe zangu. Ni wengi kama siafu."

Watu wakacheka. Nikamnong'oneza, "Shemeji, unafanya nini?"

"Kuna kiza kinapanda kutoka chini ya jicho, kama pazia. Nyamaza. Nikipasuliwa nitakaa nyumbani miezi mitatu, na mashine itapata bwana mwingine."

Nikanyamaza.

Nesi alimfunika jicho la kushoto. "Mstari wa tano, mzee." Akausoma wote bila kusita.

"Safi! Ungekuwa kijana ningekuozesha mdogo wangu."

Nami nikacheka.

Akasoma hivyo wiki ya nne, na ya tano. Tabibu wa enzi zetu angemshika kidevu, amtazame machoni kabla ya kumwuliza lolote. Nesi huyu alitazama fomu.

Wiki ya sita, siku ya kuandikiwa barua, daktari mwenyewe alimmulika jichoni. Akazima kurunzi, akaiwasha tena.

"Mzee, utando wa nyuma ya jicho umebanduka siku nyingi. Hapa huoni kitu. Mbona fomu zinasema unaona?"

"Nilikuwa nakariri, daktari."

Daktari hakugomba; heri angegomba. "Wiki ya tatu tungeweza kuurudisha. Sasa umekunjamana. Hata nikikupasua, halitaona." Akachukua kalamu, akazipiga mstari fomu zote sita, kwa kuwa utafiti hauwezi kuzitumia.

"Na barua?"

"Niandike nini, mzee wangu?"

Nilimshika shemeji mkono, nikamtoa nje. Mimi nilijua tangu wiki ya tatu.

Tulipofika nyumbani, dada yangu alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fimbo.

"Haya, leteni hiyo barua niione."

Milimita alinigeukia mimi. Mimi nikamtazama yeye. Kila mmoja akangoja mwenzake aanze.