Orodha Niliyoiandika Ubaoni

Mwandiko wangu ni mzuri. Nasema bila haya, kwa sababu ndio ulioniponza. Wageni wa wilaya wakija kijijini kwetu Dirma na mikutano yao, mimi mwalimu wa darasa la nne ndiye ninayeitwa kushika chaki, na siku ile pia waliniita, ingawa muuaji aliyekuwa akijadiliwa ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Wadogo zangu wa kiume walikuwa wawili. Baba alikufa wao hawajaanza hata shule. Yule mkubwa alikuja kuwa mlinzi kwenye shamba la ngano upande wa Basotu, akapewa bunduki ya kazi. Siku moja ya mnada aliingia nayo mnadani akawapiga watu risasi. Sita walikufa palepale katikati ya mbuzi na masufuria ya supu, wengine wakakimbizwa hospitali Haydom, na yeye mwenyewe hakuimaliza siku. Hakuacha neno. Mpaka leo sijui kwa nini, na anayeniambia anajua namwona mwongo tu. Akabaki yule mdogo, anayechunga ng'ombe wa marehemu baba. Mkewe alishaondoka, anaishi peke yake, na boma lake linaonekana kutoka mlangoni kwangu.

Miezi michache baadaye akaja afisa ustawi wa jamii, binti mpole mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu. Akatukusanya darasani, akasema tujadili: ni mambo gani katika maisha ya mtu yangeweza kutuonya mapema? Alisema pia, lazima nimtendee haki, kwamba watu wengi wenye mambo hayo hawamdhuru yeyote. Nani alimsikia? Mikono ilishanyooshwa darasa zima.

"Kulelewa bila baba," akasema mwenyekiti wa kijiji. Nikaandika.

"Ebo! Mimi baba yangu simjui hata sura," akadakia mama mmoja muuza pombe, "na sijaua hata kuku. Namwomba jirani anichinjie!"

Watu wakacheka, kicheko cha kwanza tangu ule msiba. Laiti tungeishia hapo. Mzee mmoja akasema ni damu, ukoo ule una jambo lake. Muuguzi wa zahanati akamjibu kwamba damu haina kosa, na wagonjwa wa akili anaowajua yeye wanapigwa kuliko wanavyopiga. Mwingine akasema bangi. Mwingine simu, zile picha za vita. Kuachwa na mke. Kupenda kukaa peke yake. Nikaandika yote, herufi zimesimama vizuri, na mdogo wangu amekaa dawati la nyuma, magoti karibu yaguse kidevu, fimbo yake ya kuchungia mapajani.

Hapo ndipo kiherehere kiliponipanda. Nilitaka waelewe kwamba marehemu hakuwa mnyama, kwamba kulikuwa na kitu ndani yake ambacho mimi dada mtu ningepaswa kukiona. Nikageuka, chaki mkononi, nikasema:

"Siku tunamzika mama hakulia. Wote wawili hawakulia. Walisimama tu wakiangalia ng'ombe."

Nikaliandika na hilo. Nilisema wote wawili kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuwasema. Tangu utotoni walikuwa hivyo, ukimwita mmoja wanakuja wote. Kisha vichwa vikaanza kugeukia dawati la nyuma, kimoja baada ya kingine, na macho yakarudi kushuka na ubao: bila baba, ndiyo, mke kaondoka, ndiyo, mpweke, ndiyo, damu, si tumbo moja? Yule binti wa ustawi akasimama, "Jamani siyo hivyo, siyo hivyo." Nikachukua dasta nikafuta. Haki ya Mungu, nilifuta mpaka ubao ukabaki mweusi tii. Mtu alikuwa ameshaupiga picha kwa simu.

Huku kwetu mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Unamkabidhi rafiki wawili, mwingine mmoja. Yeye anakunywa maziwa, wewe ng'ombe wanabaki wako, na nyie mnakuwa ndugu wa kusaidiana njaa na msiba. Baba aliwasambaza ng'ombe wake hivyo maisha yake yote. Kumrudishia mtu ng'ombe wake bila kuombwa ni kumwambia sikujui tena, na ndivyo walivyofanya marafiki wa baba, kwa adabu zote. Walipita kwangu kwanza. "Shikamoo mwalimu. Tunamrudishia mdogo wako ng'ombe wake, malisho yamekuwa shida." Malisho shida, na majani yamefika magotini! Waongo wakubwa. Kisha wakawachukua na wa kwao waliokuwa kwake. Ndani ya wiki mbili zizi lake lilijaa ng'ombe ambao hata yeye alikuwa hawafahamu vizuri. Mpita njia angedhani ametajirika, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kwenda naye kunywesha.

Akapanda basi akaenda Haydom kuomba apimwe. Alipanga foleni na wajawazito na waliovunjika mikono, akamwambia daktari anataka cheti kwamba yeye hataua watu. Daktari, mtu muungwana, akamweleza kwamba kipimo cha namna hiyo hakipo. Akamwandikia tu kwamba amemwona na hana ugonjwa. Alirudi akawa anawaonyesha watu ile karatasi kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe. Walisoma. "Hata kaka yako hakuwa na ugonjwa," wakamwambia, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Akaacha kutembea na fimbo ili watu wasimwogope. Mwanaume wa huku bila fimbo! Nilikuwa namwona kupitia dirisha la darasa akiswaga ng'ombe wote wale kwa miluzi na mikono mitupu, nikalia mbele ya wanafunzi nikisingizia vumbi la chaki.

Jumapili anakula kwangu. Jumapili moja nilichemsha mguu wa mbuzi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Akanawa, akakaa, akaitazama nyama. "Kisu kiko wapi, tukate?"

"Sikioni," nikasema. "Kimepotea tangu juzi."

Kilikuwa chini ya godoro langu. Nilikificha asubuhi ileile niliposikia ng'ombe wake wanapita, na sikumbuki kuamua. Mikono ilifanya tu, mimi nikiwaza ugali. Alinitazama. Anaijua nyumba yangu, anajua sijawahi kupoteza hata sindano. Kisha akaushika ule mguu kwa mikono miwili akang'ata, akatafuna polepole, macho chini. Alipomaliza akasema asante dada, nyama ilikuwa laini. Haikuwa laini hata kidogo.

Bado anakuja. Kila wiki naapa kwamba nitakitoa, nikiweke mezani kabla hajafika. Jumapili iliyopita nilipika maharage, yasiyohitaji kisu.